Sidsel na Keki ya Makosa

Møllegade 14,
Skive, Denmark.
8 Machi

Mpendwa dada yangu Gudrun,

Salamu nyingi kutoka kwetu, zivuke bahari zikufikie huko Nuuk kabla hazijaganda njiani. Hujambo? Kifua kimepona? Shemeji Aqqaluk bado anavua, au mgongo umemkatalia? Sisi hatujambo. Mimi nazidi kuwa kijana. Mke wangu Lone atakwambia vingine, usimsikilize.

Dada, kaa chini kwanza. Nina habari za mwanao Sidsel, tena ni nzuri, nimezikalia tangu jana mpaka nahisi kupasuka. Ila lazima nianzie mwanzo, maana najua mtoto hakukwambia yote.

Pale kiwandani kwetu kwa madirisha tuna desturi, na wewe umeondoka zamani, huenda umeisahau. Ukiharibu kazi, Ijumaa unaleta keki, unasimama mbele ya wenzako, unaeleza ulivyoharibu, nao wanakutania mpaka keki iishe. Bingwa wa mambo hayo ni mimi. Niliwahi kuingiza foklifti, ile gari ya kunyanyulia mizigo, ofisini kwa mkurugenzi, nikaleta keki ya ghorofa tatu, na mpaka leo inasimuliwa. Nimefika Hamburg, nimefika Mallorca, sijaona watu wanaojua kutaniana kama sisi.

Sasa mwanao alipoanza kazi kwetu akapasua kioo chake cha kwanza, naye akasimama na keki yake ya mdalasini. Egon, yule mkata vioo asiyejua kunyamaza, akamwambia hata mbuzi wa bibi yake angekata vizuri zaidi. Watu wakacheka. Kwa Egon hayo ni mapenzi. Lakini Sidsel na usonji wake hakuweza kujua nani anamtania na nani anamchukia. Tangu siku hiyo akafunga mdomo. Haulizi, hasemi. Akipasua kioo anakificha nyuma ya mapipa. Msimamizi wetu Birthe akavikuta, akaanza kusema msichana huyu si mwaminifu, muda wa majaribio ukiisha hamchukui.

Hiyo ingekuwa kazi ya nne kumponyoka. Unakumbuka alivyokuwa baada ya ile ya tatu, kutwa kitandani, mapazia yamefungwa.

Mimi darasani sikukaa sana, lakini mdomo ninao, ndiyo maana wenzangu walinichagua niwasemee kwa wakubwa. Nikamwita Sidsel nyumbani, Lone akampa mkate mweusi na samaki wa siki, nikamuuliza bila kuzunguka anataka nini.

"Mjomba, keki sio tatizo," akaniambia. "Tatizo ni kusimama pale. Mkinicheka sijui kama kazi bado ninayo."

Nikampelekea Birthe maneno hayo hayo, bila chumvi, na unajua kwangu huo ni muujiza. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe akakubali tujaribu: anayekosea aseme palepale kwenye mashine, hakuna kusimamishwa mbele za watu, na keki ya Ijumaa inunuliwe na kiwanda kwa ajili ya wale waliosema. Tena anayemtania Sidsel amwambie wazi kuwa ni utani. Egon akanuna. Akasema kama sasa mtu akivunja kioo analishwa, basi yeye kesho anavunja meza.

Siku zikapita, hakuna aliyesema kosa lolote, nikadhani mpango umekufa.

Jana ndiyo jana. Tunakata vioo vya shule mpya, mzigo mkubwa, lori linasubiri nje. Mara mashine ya Sidsel ikazimwa. Akavua vile vifaa vyake vya kuzuia kelele masikioni, akatembea moja kwa moja hadi kwa Birthe, kiwanda kizima kinamwangalia.

"Nimekosea kipimo," akasema. "Vioo vyote vya tangu asubuhi ni vifupi. Sijui nimekosea wapi."

Dada, mimi nikaweka chini kioo nilichoshika, nikasogea karibu.

Birthe akatazama lori, akamtazama mtoto. "Asante kwa kuniambia," akasema. "Twende tukaangalie pamoja."

Basi, ikawa hivyo tu. Wakaenda wakaangalia. Lori likaondoka tupu, na dunia haikuisha. Halafu Egon, huyo huyo Egon, akaja akijikuna kisogo, akasema na yeye juzi alipasua viwili akavificha. Sidsel akamuuliza kama anatania.

"Sitanii, mama. Na ukinicheka nitalia."

Sidsel akafikiri kidogo. "Hapo mwisho ndipo umetania," akamwambia. Tukaangua kicheko, naye akacheka pamoja nasi, nimemwona kwa macho yangu mwenyewe.

Kabla hatujatoka kazini Birthe akamwita ofisini. Amepewa kazi ya kudumu, dada. Ya kudumu! Nimewatangazia majirani wote, hata wale tusiosalimiana nao.

Nisalimie shemeji, nisalimie mpwa wangu Pavia na mama mkwe wako Naja. Mungu awape afya, na barafu ya mwaka huu iwaonee huruma.

Sidsel naye anakusalimu sana. Anasema Jumapili ukimpigia simu, usianze tena kwa kumuuliza kama bado ana kazi. Anataka umuulize amekula nini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyosema,
Tage