Alimentation ya Binti Yako

Hadija mwanangu,

Mi mama yako. Salamu zangu zikukute umelala vizuri, na kama kuna mutu huko anakusumbua, mwambie una mama.

Anayeandika ni Zubeda wako. Mi kalamu sikuishika nikiwa mutoto, sitaanza kuishika sasa na vidole hivi. Ninasema, yeye anabonyeza. Nimemwonya aandike ninavyosema, asinipambe. Tayari tumegombana: anataka kuandika "mtoto" kama kwenye vitabu vyao. Nikamwambia mi nimezaa mutoto, nimelea mutoto, andika mutoto. Ameandika. Anacheka peke yake hapo.

Nianze na lile utakalonuna, liishe. Nimehamisha cherehani yako.

Ngoja kwanza. Tangu ulipoondoka hakuna mutu aliyeigusa, unanijua. Watu walikuja na bei zao nikawaonyesha mlango. Mama Fatuma wa nyumba ya nyuma alikuja na huruma: "Mama Hadija, chuma kinakula kutu, si uuze tu?" Nikamwambia na wewe unakula kutu, mbona mume wako hajakuuza. Hajarudi tena kwenye habari hiyo. Cherehani iko chumbani kwangu, chini ya dirisha, nimeifunika kile kitenge chako cha samaki. Na juu ya meza yako sebuleni sasa kuna kompyuta. Ya kuchezea mpira. Ndiyo, umesikia vizuri, ya kuchezea. Kaa nikueleze, usiruke kama ulivyokuwa unaruka.

Mutoto wako ameingia université. Nilipiga vigelegele uani peke yangu mpaka majirani wakauliza ni harusi ya nani. Lakini akitoka kwenye masomo, badala ya kurudi, anakwenda katikati ya mji, kwenye ukumbi mmoja ambako vijana wanalipa kucheza mpira ndani ya mashine. Zubeda anawafunga wanaume wenye ndevu. Sikuona ubaya. We mwenyewe ulikuwa unacheza mpira na watoto wa barabara hii, unararua gauni, unalishona kabla sijaliona. Ushonaji wako ulianzia hapo, wala si kwa fundi yeyote.

Ubaya ni njia. Ukumbi uko mbali, na kuvrefe, hiyo amri ya kutotoka usiku, haimsubiri mutu amalize mchezo. Saa ikifika, barabara zinabaki za askari na mbwa. Na hata kabla ya saa hiyo, ukisikia milio upande wa vilima, hujui risasi itaangukia bati la nani. Wewe nikueleze nini? Ulitoka jioni kununua mkaa, hapo tu, mbele ya msikiti. Ulisema, "Mama, usifunge, narudi sasa hivi."

Sikufunga.

Unakumbuka kila jioni nilipovuta komeo, we hukuinua hata kichwa kwenye kitambaa chako, unaniuliza, "Mama, tuko wote?" Nami najibu, "Tuko." Ndipo unamalizia pindo. Jioni ile nilisimama mlangoni na neno langu mdomoni, hapana wa kuniuliza.

Basi siku moja Zubeda naye hakurudi. Milio ilianza mapema, wenye ukumbi wakawafungia ndani. Usiku huo sitausimulia. Asubuhi akaingia na viatu mkononi, nywele zimejaa vumbi, anasema, "Bibi, nisamehe, tulilala chini ya meza." Nikampiga na kandambili. Nikamkumbatia. Nikampiga tena, kidogo. Halafu nikampa uji, na akiwa anakunywa nikamuuliza, "Huko mjini kuna nini ambacho kwa mama yako hakipo?"

"Mashine, Bibi."

"Basi ije hapa."

Akacheka. Akasema kompyuta mpya ya michezo hata wakubwa wa ofisi wanaikopea, na buruse, ile pesa anayopewa mwanafunzi, ni ya kula na ya kufotokopi. Nikamwambia, we Zubeda, kuna nyumba gani hapa Buyenzi ilinunuliwa nzima? Mwaka huu tofali, mwaka kesho bati, mlango Mungu akipenda. Anza na tofali.

Hapo akaacha kucheka, macho yakamng'aa. Kumbe kompyuta nayo inajengwa hivyo hivyo! Ina vipande, na kila kipande kinauzwa peke yake. Nikasema nifundishe, sinunui kitu nisichokijua kazi yake. Akanifundisha kwa vitu vyako. Disque, akasema, ni lile sanduku ambamo Mama aliweka vitambaa vyote. Mémoire ni meza yake ya kukatia: ikiwa ndogo, kitambaa kinaanguka pembeni na kazi inachelewa. Processeur ni Mama mwenyewe. Halafu kuna kadi ya picha, yule anayechora wachezaji na nyasi na watu wa kupiga makofi. Ukiweka mbaya, wachezaji wanakimbia kama wazee wenye magoti mabovu. Na vyote hivyo vinakaa juu ya kadi kubwa inayoitwa carte mère. Kadi mama.

"Na baba yuko wapi?" nikauliza.

"Hana, Bibi. Kama mimi."

Huyo ni mutoto wako, Hadija. Ulimi wake umetoka kwako, na wako nauona ulikotoka.

Tukagombana juu ya boksi la kuvitia vyote hivyo. Alitaka lile la kioo ubavuni, lenye taa ya buluu, kama za kule ukumbini. Nikamuuliza hiyo taa ni ya nini, kuna bibi harusi ndani? Boksi linafunga goli? Akasema hapana. Basi pesa ya taa iende kwenye kadi ya picha. Alinuna. Halafu usiku huo huo nikamsikia anapiga hesabu kwa mdomo, akaja kunibusu kichwani.

Tukaenda bandarini, mi na yeye, kwa wale vijana wanaotoa mizigo ya meli za Kigoma. Kompyuta za zamani za maofisini zinafika hapo zimerundikwa kama magunia. Tukachukua moja ya kijivu, sura ya punda. Muuzaji akasema, "Mama, hii ni kama mpya." Nikamwambia hata mi ni kama mpya, punguza. Akapunguza. Ilikuwa na kadi mama nzima, na processeur Zubeda alisema anatosha. Mémoire tuliongeza baadaye. Kadi ya picha ilisubiri buruse nyingine. Tofali kwa tofali.

Lakini nikaanza kuona shingo ya mutoto inarefuka. Namuuliza umekula, anasema nimekula chuo. Uongo. Uongo wako huo huo wa mwaka ule ulipokuwa unatafuta cherehani, unarudi jioni unasema umekula kwa rafiki, na huyo rafiki simjui mpaka leo. Sikusahau.

Sasa sikiliza kilichotokea, na usicheke kabla sijafika mwisho.

Asubuhi ya mtihani Zubeda anatoka mbio, kiatu kimoja hajafunga, ananipigia kelele toka uani, "Bibi! Pesa iko kwenye kopo la maziwa! Imebaki alimentation tu!" Nikamjibu kwamba mi nitaishughulikia, aende na Mungu. Sijui kama alinisikia.

Nikasema Alhamdulillahi. Mutoto amepata akili, sasa anataka kula. Nikachukua kopo, nikaenda Jabe, mtaa wa jirani, kwenye lile duka la chakula, ile alimentation ya mlango wa kijani, ile uliyokuwa unaipenda kwa sababu wanapima sukari bila kubania. Nikachukua mchele mzuri, mafuta, maziwa ya unga, sukari, nyanya za kopo. Nikapita sokoni kwa ndagala, vile visamaki vya ziwa. Nilibeba kama mutu anayejiandalia Iddi. Kopo likabaki na harufu tu. Nikapika sufuria kubwa, ile ya matanga yako, Mungu anisamehe, sikuwa nimeitumia tangu siku hizo.

Akarudi mchana. Akasikia harufu, akatabasamu. Akafungua kopo. Akaliangalia kama mutu anayeangalia kisima.

"Bibi, pesa ya alimentation?"

"Iko kwenye sufuria. Nawa mikono."

Hadija, nikaona uso wake unashuka. Akanieleza polepole, kama ninavyomweleza mutoto mdogo. Alimentation ni kipande. Ndicho kinachoilisha kompyuta umeme, na ile ya punda wetu ilikuwa imeungua. Wameiita hivyo tu. Nikasema hawa wazungu wana wazimu? Jina moja kwa duka la sukari na kwa umeme? Hakucheka. Akakaa kwenye kiti chako. Akasema bila hasira, na hapo ndipo ilipouma, "Si kitu, Bibi. Leo nitacheza kule mjini."

Kule mjini. Na nje kulikuwa kumeanza kulia upande wa vilima.

Mi sikulia. Nilifunga sufuria kwa kitambaa, nikaitia kichwani, nikamwambia, "We, beba sahani. Aliyekuwekea hiyo alimentation ni nani?"

"Fundi Deo, mtaa wa Cibitoke."

"Tembea."

Njia ya huko haipiti upande wa vilima; tukafika. Fundi Deo ni kijana mufupi, karakana yake imejaa redio zilizopasuliwa tumbo. Yeye na vijana wake walikuwa wanagawana mkate mkavu na chai. Nikatua sufuria mezani kwake, katikati ya nyaya. Nikasema, "Mwanangu, nilitumwa alimentation, nikanunua alimentation. We una yako, mi nina yangu. Tubadilishane."

Akaniangalia. Akamwangalia Zubeda, ambaye alikuwa anatafuta ardhi immeze. Zubeda akamweleza, na yule fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Vijana wake walikwisha kunawa.

"Lakini Mama Hadija," akasema akijifuta macho, "sufuria moja haifiki bei ya alimentation."

Bado wananiita Mama Hadija. Usidhani jina limekwenda nawe.

"Nani amekuambia moja?" nikamjibu. "Huu mchele haujaisha. Kila mchana nitakuletea, mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Akafikiri. Akaangalia wale vijana wake, walivyokuwa wanakula bila hata kupumua. Akaingia nyuma, akatoka na kiboksi cha chuma kinachong'aa, kizuri, kipya. Nikahisi Zubeda ananifinya mgongoni: "Chepesi, Bibi." Alikwisha kunifundisha kwamba hiki ndicho kipande ambacho mutu maskini hapaswi kukifanyia ubahili, maana umeme wetu ukikatika unarudi na hasira, na alimentation mbaya ikifa inakufa na kadi mama. Nikamwambia fundi alete na nyingine. Nikaweka moja mkono huu, moja mkono ule. "Mwanangu, hii umejaza nini, upepo?"

"Nani amekufundisha, Mama?"

"Mjukuu wangu. Yuko nyuma yangu anajificha."

Tukarudi na ile nzito, mapema, jua bado liko juu. Nilipeleka chakula kama nilivyosema, na mchele ulipoisha nikapeleka maharage, na fundi Deo aliposema basi, vijana wake wakasema bado.

Basi ndiyo hivyo. Siku ya kuiwasha ilitaka meza, na meza imara nyumbani ilikuwa moja. Zubeda hakuniomba. Alitaka kuiweka chini, sakafuni, penye maji ya mvua. Mi mwenyewe ndiye niliyebeba cherehani yako. Nilisimama nayo kidogo. Halafu nikatembea.

Inavuma kama nyuki kwenye chupa. Usidhani nitasema inavuma kama cherehani yako. Yako ilikuwa na mdundo. Vijana wa darasa lake wanakuja kufungwa hapa sasa. Wanavua viatu mlangoni, wananisalimia kwa mikono miwili, wanakunywa chai yangu, wanafungwa, wanadai mashine ina mapendeleo. Nimejua kona, nimejua kadi nyekundu. Umeme ukikatika wanapiga kelele kama wamefiwa, na mi nacheka. Lakini jua likianza kugusa milima ya Congo, napiga makofi: kwenu! Hapana wa kunibishia. Kandambili wanaijua.

Na Zubeda anakula. Namtazama akimeza.

Cherehani yako naitia mafuta kila Ijumaa. Kutu haitaigusa. Ninakuahidi hilo, na ninakuahidi jingine kubwa zaidi: maadamu mkono huu unaweza kuvuta komeo, binti yako atakuwa upande wa ndani. Vita vyao vikiisha, na mi naamini vitaisha kwa sababu hata wapumbavu huchoka, nitamwacha atembee usiku mpaka achoke, na mi nitalala mlango wazi.

Lala, mwanangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Ukihitaji kitu niote, usione haya, mi sina kazi nyingine usiku.

Zubeda anataka kuanza mchezo wake, vidole vyake vimechoka na mimi. Komeo nimelivuta, mwenyewe, sasa hivi.

Najua unachouliza.

Tuko.

Mama yako