Nilimpa Kinyozi Sauti ya Sele

Jumatatu, Kibiti. Mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri, stendi ni tope tupu na wateja wamekuja wawili tu. Kichwa changu kimevurugika. Sijui kama nimefanya kosa kubwa kuliko yote maishani au jambo la maana, na sina wa kumuuliza, basi nayaandika hapa.

Nianze na kazi yangu. Natafsiri filamu. Nina kibanda karibu na stendi: mbele nachaji simu na kuweka nyimbo kwenye flashi, na nyuma ya pazia nina laptopu, maiki na blanketi. Ikija filamu ya lugha ya watu, najifunika blanketi ili honi za mabasi zisiingie, halafu nasema maneno yote mwenyewe. Mwanamume mimi, mwanamke mimi, mbuzi mimi. Wananiita Dije Somoe, maana huku mtafsiri wa filamu huitwa dije. Wanasema hawajawahi kuona mwanamke mwingine anayefanya kazi hii, na wengine husema hivyo kwa sauti ya kunionya.

Tafsiri yetu si ya darasani. Mhindi akigombana na mkwewe, mimi nawaleta Ikwiriri wagombane huko. Na kila mhusika lazima apate sauti ya mtu tunayemjua, mpiga debe fulani, muuza kahawa fulani, mpaka wateja waseme "aa, huyo ni fulani!" Bila hivyo filamu haiuziki.

Mwezi uliopita nilipata moja ya kuchekesha, ya nchi ya mbali. Huko wana vita. Upande mmoja ni serikali, upande wa pili ni watu wanaosema wanampigania Mungu, na kila upande una bendera na hotuba ndefu. Katikati yupo kinyozi. Asubuhi anawanyoa askari, mchana anawachonga ndevu wale wengine, wembe uleule. Kila upande unamuuliza habari za mwenzake, naye anajibu kwa mzunguko mpaka muulizaji anasahau alichouliza. Siku moja anachanganya, anamnyoa kamanda wa wapiganaji ndevu zote. Nilicheka mpaka blanketi likaanguka.

Halafu nikaisimamisha.

Filamu za namna hii ninazo kadhaa. Sijawahi kuelewa wanaozitengeneza wanapata wapi ujasiri. Wanacheka kwa sababu wamepona, au ndiyo dawa yenyewe wanayoinywa? Au wako mbali kabisa na moto, wanacheka moshi wa wenzao?

Maana hapa kwetu nasi tulikuwa na miaka yetu. Mwenye kujua anajua. Asiyejua nitamwambia tu kwamba watu waliuawa, wengine hawakuonekana tena, na baada ya magharibi hata hodi ya jirani ilitisha. Ukiulizwa swali ulijiuliza kwanza anayeuliza ni wa nani.

Na mimi sikuwepo. Hili nalikiri. Nilikimbilia Mbagala kwa mama mdogo, nikakaa huko mpaka mambo yakatulia. Hofu ya Kibiti naijua kwa simu. Wenzangu waliishi nayo, mimi nilisimuliwa tu.

Sele alikuwepo.

Sele alikuwa mtani wangu, wa Salale, huko ndani kwenye mikoko. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu kwa mababu. Alikuwa akinunua kamba kwa wavuvi na kuwaleta Kibiti kwenye maboksi ya barafu, na akisubiri gari alikaa kibandani kwangu kunipotezea muda. Hakujua kujibu swali moja kwa moja. Ukimuuliza "Umekula?" atakohoa, atasema, "Sasa hapo, Somoe, tuanzie jana." Utapewa habari za jana, za juzi, za shemeji yake, na mwisho utamnunulia chapati ili anyamaze.

Katika miaka ile alitoka Salale asubuhi moja na kamba wake. Hakufika Kibiti, hakurudi Salale. Hatujui nani, hatujui wapi. Wapo walionong'ona kwamba alikuwa upande ule, wapo walionong'ona kwamba alikuwa upande huu. Mwili haukuonekana, kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Mkewe, Mwanahawa, si mjane wala si mke. Mama yake, Bi Pili, hataki kusikia neno marehemu.

Sasa kosa langu.

Yule kinyozi wa kwenye filamu alihitaji sauti. Nikafungua mdomo kujibu swali la askari, nikakohoa, nikasema, "Sasa hapo, afande, tuanzie jana." Ningeweza kusimamisha. Ningeweza kudai kwamba sikujua, kwamba ilinitoka tu. Lakini nilijua tangu kikohozi cha kwanza. Nikaendelea saa nzima na zaidi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo siku nyingi.

Msomaji usiyetoka huku huenda hujaona ubaya. Ngoja nikueleze. Mtani akiwa hai mnataniana ana kwa ana, macho kwa macho. Akifa, mtani wake ndiye anayeruhusiwa kuchekesha msibani. Atavaa kanzu ya marehemu, atatembea mwendo wake, atasema kwa sauti yake, na wafiwa watacheka huku wanalia. Ni kazi yake na hakuna wa kumkasirikia. Lakini kumwiga mtani mbele ya watu wakati mwenyewe hayupo, kikohozi na vyote, hakufanyiki pengine popote. Kunafanyika kwenye kifo tu.

Mimi nimefanya, nikauza nakala.

Mwenye banda la video la Salale aliinunua. Akanipigia, akasema watu wanataka kumwona mwanamke anayelia kama mbuzi, nije Jumamosi alasiri. Nikaenda. Pikipiki mpaka Nyamisati, kisha boti. Njiani nilijiambia kwamba Bi Pili ni mtu mzima, hana habari na mabanda ya video. Kujidanganya nako ni kipaji.

Bi Pili alikuwa kwenye benchi la mbele, pembeni ya mkwewe. Alikuja kwa heshima yangu, mtani wa mwanawe amefika kijijini. Nilimpa shikamoo, na filamu ikawa imeshawashwa.

Kinyozi alipokohoa, banda zima lilitulia. Nilisikia mvua kwenye makuti. Kisha kinyozi akasema, "Sasa hapo, afande, tuanzie jana," na mtu mmoja akacheka. Alikuwa Mwanahawa. Alicheka kwa nguvu, ameshika tumbo, na watu wakamfuata, banda likalipuka. Nadhani hawakuweza kujizuia.

Bi Pili akasimama. Hakupiga kelele.

"Nani kafa?" akauliza.

Akajifunga kanga vizuri, akatoka, akaenda zake kwenye mvua. Filamu iliendelea peke yake, sauti yangu ikichekesha watu waliokwisha kunyamaza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nautazama.

Nje Mwanahawa alinishika mkono. Macho yalikuwa mekundu, sikuweza kujua ni kicheko au kilio. "Usiifute, Somoe," akaniambia. "Wallahi usiifute. Kila mwezi mtukufu ukiisha, mama anapima zakatul-fitri ya nyumba nzima, na pishi ya Sele imo. Na ya maiti haitolewi, basi kwake Sele ni hai. Mimi nimekaa kwenye pishi ile miaka yote hii, sina pa kwenda wala pa kukaa."

Nikapanda boti ya kurudi nikiwa na amri mbili. Kimya cha mama kiliniambia futa, mkwe aliniambia usifute. Jana kutwa nimeshika kipanya juu ya lile faili na sikubonyeza kitu.

Leo saa sita mchana, mvua ikinyesha, Bi Pili ametokea kibandani kwangu.

Amekuja peke yake, kwa boti na pikipiki, mzee yule, kanga imelowa mpaka magotini. Nimempa kiti na chai. Nimeanza kuomba radhi, akaninyanyulia kiganja.

"Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia," akasema. "Wewe umeanza wa mbali, mfiwa hajajua kama kafiwa. Haya, washa hiyo senema yako. Nataka kuisikia bila watu."

Nikashusha pazia la mbele, nikawasha. Alitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa, bila kupepesa. Sehemu ya ndevu za kamanda, ambayo hata mimi niliyeitafsiri bado hunichekesha, aliipita kavu. Mara moja tu aliniashiria nisimamishe.

"Huyu kinyozi ni wa upande gani?"

"Hana upande, mama. Anawanyoa wote."

"Na mwisho anakuwaje?"

"Anaondoka na boksi lake. Hawaonyeshi anakokwenda."

"Basi hata wao hawajui," akasema, akaniashiria niendelee.

Hapo nilianza kuogopa kwa namna nyingine. Niliona kwamba nimemhukumu Sele bila kujua. Watu wamenong'ona miaka yote, ni wa huku, ni wa kule, na mimi chini ya blanketi nimetoa jawabu langu kwamba hakuwa wa popote, alikuwa na biashara yake na maneno yake mengi. Nina haki gani? Mimi niliyekuwa Mbagala?

Filamu ilipoisha alishika ncha ya kanga iliyolowa, akaikamua. Nilidhani atanilaani, na moyoni nilikuwa tayari kulaaniwa, ingenipunguzia.

"Umekosea," akasema.

"Najua, mama. Nitaifuta sasa hivi, na Salale nitapiga simu wai..."

"Kikohozi umekosea. Umekohoa mara mbili. Sele hakohoi mara mbili. Akitaka kudanganya anakohoa mara moja, halafu anavuta pumzi puani hivi." Akafanya. Bi Pili, mama wa watu, kwenye kiti changu cha plastiki, alikohoa kikohozi cha mwanawe. "Na hasemi tuanzie. Anasema natuanzie. Tangu mdogo, hata nimchape vipi. Hebu sema."

Nikasema. Akatikisa kichwa, nikarudia. Mara ya tatu alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimshtua mwenyewe, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na hapo hakikuwa kicheko tena. Nilipiga magoti kwenye sakafu nikamshika.

Alipotulia aliongea akiwa ameangalia chini.

"Tangu Jumamosi sijapata usingizi. Watu walicheka, Somoe. Miaka yote Sele akitajwa wanainamisha vichwa, utasema mwanangu ni aibu. Mimi nami nimekuwa nakumbuka kupotea kwake tu. Nilikuwa nimesahau kwamba anachekesha." Akanywa funda la chai iliyokwisha kupoa. "Kwamba alikuwa anachekesha."

Nililisikia lile neno, na yeye aliona nimelisikia.

"Ijumaa baada ya swala tutamsomea hitima. Nimeshamwambia shehe. Mwanahawa akae eda yake, aimalize, aolewe, angali kijana. Na mtani wetu ni wewe, hatuna mwingine. Nitakuwekea kanzu yake. Uje na kikohozi kimoja."

Nimemwitia pikipiki, nimempa mwavuli, ameondoka.

Na sasa nimekaa hapa na sielewi chochote. Nilitaka kuuza kichekesho cha vita vya watu wengine, na nimeitisha msiba Salale. Mwanahawa atapata njia, nafurahi kwa ajili yake. Bi Pili ameshusha mzigo, au mimi nimemnyang'anya tumaini lake pekee, bado sijajua ni lipi. Na kama Sele yuko mahali, amefungiwa, amesahau njia, amekaa anamsimulia mtu habari za jana? Ijumaa nitavaa kanzu yake, nitatembea kwa mwendo wake uani kwao, watu watacheka walie, na kuanzia hapo atakuwa amekufa. Nikibaki Kibiti, je, atakuwa hai?

Nimemwambia mama yake nitakuja, na nitakwenda.

Nimeanza kujizoeza. Nimekohoa mara moja, nikavuta pumzi puani kama alivyonionyesha. Imetoka sauti yake kabisa, nami nimegeuka upesi kutazama mlangoni.