Malaria ya Mgongo

Jumanne, 3 Juni
"Mgongo unaweza kuuma hata kama hakuna kilichovunjika." Kavira, kine wa kituo cha afya, yule wa mazoezi ya viungo, kayasema leo redioni. Upuuzi mtupu. Picha ya mgongo wangu ninayo, na maelezo yake: mifupa imechakaa. Miaka miwili nalala chini, najifunga mkanda, siinui hata kiti. Kama hakuna kilichovunjika, nalinda nini? Nimeanza kuandika jibu la gazetini, kama kawaida yangu. Nimeliandika nimelala, kukaa kunaniuma.

Jumatano, 4 Juni
Jibu limekwama. Nitasema nimejuaje? Hapa Majengo mwanamume akitaja mugongo, watu hawafikirii mgongo. Wanafikiria kitanda, na wanamcheka mkewe. Kwa hiyo kwa watu mimi nina malaria. Malaria isiyoisha. Mke wangu peke yake ndiye anayejua.
Leo kabeba bidoni mbili za maji kutoka bombani. Jirani alipopita nilijificha nyuma ya pazia. Aibu.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa, watu wa shirika letu la kanisani wamekuja kuniombea. Wamenizunguka, wameitaja malaria kwa jina, wameifukuza. Muzee Kambale, mfanyabiashara wa Butembo, kaleta termosi nzima ya dawa ya artemisia. Nimekunywa uchungu ule mpaka tone la mwisho, nikashukuru. Mimi, ninayewaita wenzangu waongo gazetini!
Walipotoka, mke wangu hakupaza sauti. "Papa Neema, leo umemutuma Mungu atafute ugonjwa yenye haiko."


Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda kituoni kwenye somo la Kavira la kila Jumanne. Nimekaa nyuma kabisa. Mbele yangu wamama wanaobeba makaa kutoka Kibati. Mmoja akageuka:
"Papa, mugongo yako ni ya kazi ao ya usiku?"
Kicheko. Nikawaka: "Yote mbili, mama!"
Wakacheka tena. Kisha akasema taratibu, "Ya bwana yangu pia. Anakatala kuja."

Kavira kanipima miguu, kaniuliza juu ya ganzi, homa, mkojo. Hakuna dalili ya hatari. Uchakavu wa kwenye picha, asema, wanao wengi wa umri wangu wasioumwa chochote. Nikamrukia: basi maumivu nayabuni? Hapana, kanijibu, ni ya kweli. Ni kengele iliyozoea kulia, na kulala kunaizidishia ukali. Nimebisha mpaka wenzangu wakaguna. Nilichobisha zaidi ndicho nilichojua ni kweli.

Ijumaa, 13 Juni
Nimetembea mpaka Katindo na kurudi, polepole, bila mkanda. Imeuma. Nimerudi mzima. Jibu la gazetini nimelichana.

Jumanne, 17 Juni
Mchana nimekwenda bombani na bidoni ndogo. Muzee Kambale alikuwa kwenye foleni.
"Malaria imeisha?"
"Haikukuwa malaria, muzee. Ni mugongo."
Akatazama maji yakijaa. Kisha akainua shati kidogo. Mkanda kama wangu.
Nilimngoja, tukapanda njia ya nyumbani pamoja, tukipumzika kila tulipotaka.
Nimeandika jibu jipya la gazetini. Ninyi wanaume wa Majengo mliojifunga mikanda chini ya mashati: waambieni wake zenu, kisha njooni kwa Kavira Jumanne, mseme mugongo, kwa sauti. Nitakuwa nimekaa mbele.