Kabla ya Sehemu ya Saba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi nipo, mgongo unasumbua kidogo lakini sokoni bado nafika na kurudi. Natumaini magoti yako yametulia, na kwamba vidonda vya mwanao, pale walipomkata miguu, vimeanza kukauka.

Uliniomba nikutajie vipindi vya runinga vinavyofaa, vya polisi na vya vita, maana mpwa wangu amechoka kuangalia ukuta. Nimekaa wiki mbili nikivipima kama mtu anayechagua mchele. Ile tamthilia ya saa kumi jioni, yenye mpelelezi mnene anayetafuna karanga hadi ndani ya chumba cha maiti, itazameni. Yule mzee hampigi mtu ili akiri. Anakaa kimya mpaka mtu mwenyewe anachoka na uongo wake. Ile nyingine ya magari kukimbizana achaneni nayo. Ni kelele tupu, askari anapiga risasi arobaini na bastola haiishiwi.

Kuhusu historia, kuna ule mfululizo wa sehemu kumi juu ya vita vya mpakani, vilivyomchukua mdogo wetu Twiga. Hawapambi mambo. Wanaonyesha ramani, barua, na wapishi wa jeshi, sasa wazee, wakieleza walivyochemsha maji ya matope wakayaita chai. Uliniambia kwenye simu kwamba mwanao ameshatazama sehemu sita, na anasubiri wafike darajani aone mahali mjomba wake alipozuia adui peke yake.

Daraja limo katika sehemu ya saba, itakayorushwa Jumamosi. Mimi nimeshaiona, jirani yangu fundi runinga anazo zote kwenye flashi.

Dada, kaa chini. Mwishoni wanasoma majina ya askari waliopigwa risasi na jeshi letu lenyewe. La Twiga ni la nne. Aliacha lindo, akakutwa amejificha ndani ya kalvati, chini ya barabara, analia. Alikuwa na miaka ishirini. Walimpiga risasi asubuhi yake, mbele ya wenzake.

Hili sikuanza kulijua juzi. Nina miaka thelathini na mmoja nalo. Unakumbuka nilikuwa mpiga chapa makao makuu ya jeshi. Faili lake lilitua mezani kwangu pamoja na mengine, nikitakiwa kuandaa barua ya kila familia. Ya kwetu ilikuwa mistari miwili. Niliichana, nikapiga nyingine: daraja, ushujaa, yote nimetunga mimi. Nikaichomeka katikati ya rundo, kapteni akasaini bila kusoma. Nilitaka Mama apate usingizi tu. Nilidhani uongo ule utazikwa naye.

Kumbe ulikuwa unakua nyumbani kwako. Mwanao alipokuja kuniaga, sare mpya ikimpwaya mabegani, aliniambia, "Mjomba, nataka niwe kama Twiga." Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, chai mezani. Ningeweza kusema. Nikamwambia, "Nenda, mwanangu, usituangushe." Mwezi wake wa tatu jeshini akakanyaga bomu.

Nilifikiria kukushauri mzime runinga Jumamosi hiyo, lakini majirani wataangalia, na watakuja mlangoni na pole zao. Jumanne nilipanda basi nije niseme mwenyewe. Nilifika hadi getini. Nikamwona barazani, kwenye kiti chake cha magurudumu, anaifuta picha ya Twiga kwa upindo wa shati. Nikageuka, nikarudi kituoni. Hukuniona.

Sikuombi msamaha, sioni utakapouweka. Naomba tu umwambie kabla ya Jumamosi, kwa maneno yako, maana mimi yangu yote yalishaharibika.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Kwa mwanao sijui nitume salamu gani. Ukimpa zozote, usimwambie zimetoka kwangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mpiga chapa