Chupa ya Kwanza Imemwagwa

Dada Subilaga,

Ugonile. Ni mimi Ambakisye, mpiga kasia wako. Tangu tukuzike Bujonde, mpunga umevunwa mara moja. Kakao sasa inanunuliwa na wafanyabiashara binafsi. Wanagombea magunia hadi barabarani. Ungecheka.

Ulipopunguzwa kazi ya kupima maji serikalini, wenzako walifungua vibanda vya mitumba. Wewe ulirudi ziwani na chupa yako ileile ya kuchotea maji ya kilindini. Watu wakasema umechanganyikiwa. Hata mimi nilisema, nisamehe.

Halafu ile siku ulipougua homa ukanituma peke yangu. Upepo ulikuwa mkali, nikachoka. Nikachota maji ya juu, nikakuletea nikisema ni ya kilindini. Nani angejua? Ulifungua chupa, ukanusa.

"Ambakisye, haya hayajafika chini. Ya chini yananuka yai viza."

Hukunifokea. Ulijifunga kanga, ukapanda mtumbwi na homa yako, tukarudi.

Tulipokuwa tunashusha kamba ndipo uliponieleza. Maji ya mto Kiwira yanatoka milimani yakiwa baridi. Yakifika ziwani yanazama chini ya maji ya vuguvugu, na majani makavu ya Rungwe yanakwenda nayo. Kule chini hewa hakuna, hayaozi yakaisha, na kaboni yake inabaki huko miaka na miaka. Upepo wa mwera ukivuma, maji ya kilindini yanapanda kidogo. Yanalisha samaki, na kaboni nyingine inarudi angani. Wewe ulitaka kujua ziwa linaficha kiasi gani, linarudisha kiasi gani.

"Ukinidanganya mimi," ulisema, meno yakigongana kwa baridi, "umemdanganya na ambaye hajazaliwa."

Mwezi uliopita walikuja watu wa chuo kikuu kuomba daftari zako. Wakaniuliza kama vipimo vyote ni vya kweli. Nikaona bora nikiri. Nikautafuta ukurasa wa siku ile. Uliandika: "Chupa ya kwanza imemwagwa. Tumepima upya, mimi na Ambakisye."

Basi. Uongo wangu hukuuandika. Nililia mbele ya wageni, Dada, mtu mzima mimi.

Wamenakili kila kitu. Daftari zenyewe nimekataa zisitoke Kyela.

Binti yako ameomba nimfundishe kupima. Tunaanza Jumatatu. Nitamweleza yote, na ule uongo wangu pia, nakuahidi. Ajue mama yake alikuwa mtu wa namna gani.

Ndaga fijo, asante sana, Dada. Pumzika.

Ambakisye