Jiwe la Kufulia

Mabawe, Ngara

Wifi Yuster,

Nasikia huko Burundi walikokuvusha unalala kanisani. Huku hatujambo. Mvua imenyesha ya kutosha, kaka yangu amepunguza pombe, na mwanao Tecla ameanza kuniita mama. Sikumfundisha.

Maharage yamekubali sana. Unakijua kile kipande nyuma ya migomba yako uliyorithi kwenu, nilichokuomba nilime ukanikatalia mbele ya watu, ukisema pale amelala babu yako. Ulipokwenda msibani Biharamulo nilikilima. Niling'oa jiwe la kaburi, nikasawazisha, nikapanda.

Sikujua kwamba siku utakayorudi ndiyo watafika maafisa wa kukagua uraia. Walipotaka kuona wazee wako walikozikwa, uliwaongoza haraka haraka, hata mzigo hujatua. Mkakuta maharage yamechipua. Mumeo alikuwa kilabuni, kwa hiyo wakaniuliza mimi. Ulinitazama, wifi. Nikasema hapa tumelima maharage miaka yote.

Neno moja tu lingekubakisha. Nilikuwa nalo mdomoni, nikakumbuka ulivyonikatalia, nikalimeza.

Sasa unaniandikia kwa upole, unaniomba nikalitafute lile jiwe lenye jina la babu yako niwapelekee wale maafisa, wapate kukuamini. Usihangaike, halijapotea. Lipo hapa uani, nafulia nguo za Tecla juu yake. Jina bado linasomeka.

Ni mimi wifi yako, ninayekukumbuka kila siku ya kufua,

Clotilda