Samaki Aliyepasuliwa Kabla ya Mizani

Durban, 9 Juni 2024

Papa mpendwa,

Mgongo wako unaendeleaje? Na nyumba nzima? Mimi niko mzima, ila baridi imeingia na ngozi ya vidole inapasuka. Dada Constance akirudi hapo Baraka Jumamosi na simu yake, akusomee polepole, maana kuna jambo hata mimi silielewi.

Msimamizi wetu pale godauni ya Clairwood ni Mzee Perumal, Mhindi wa Chatsworth. Alisikia mimi ni mtoto wa mvuvi wa ziwa la Baraka. Jumapili iliyopita akanipitia saa kumi na moja alfajiri, tukaenda bwawa la Inanda. Ni kubwa, limejikunja kati ya milima. Maji yalikuwa digrii kumi na sita. Yeye ana kipimo. Huku wanamtafuta samaki anaitwa bass, ana mdomo mpana kama wa sangala mdogo. Tulipata wanne. Kila mmoja Mzee alimpima, akampiga picha, akamrudisha majini. Nikamwuliza, “Boss, huyu hana ladha?” Akasema, “Sijui. Sijawahi kumla.” Papa, anavua miaka thelathini!

Tarehe 14 Julai klabu yao ina mashindano ya majira ya baridi. Mwenzake wa botini alifariki, sasa anataka niende naye. Nami nataka kumpendeza, nisikufiche. Tuko vibarua wanne, na mwezi wa nane mmoja tu atapewa contrat, mkataba wa kudumu. Anayechagua ni yeye. Bila contrat, kila Ijumaa sijui kama Jumatatu nina kazi.

Samaki wa baridi wanashuka chini na hawataki kula. Nifanyeje?

Mwanao,
Ruphin


Baraka, 22 Juni 2024

Ruphin mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mgongo unauma asubuhi, jioni unasahau. Constance anaandika kama ninavyosema, atakutumia picha ya karatasi kwa simu, nimemkataza kupamba.

Tulisoma barua yako mara tatu. Nikaenda nayo mwaloni, kwa wavuvi wenzangu. Mzee Anicet akasema, “Huyo mtoto yuko gerezani, wanamtumikisha bure, anaogopa kusema.” Mwingine akasema umelogwa. Mimi nikawatetea hao Wahindi, lakini moyoni najiuliza: mtu anaamka alfajiri, anapigwa na baridi, anamshika samaki, kisha anamwambia nenda? Hana watoto? Hana njaa? Niambie ukweli, niko baba yako. Kama uko gerezani, sema.

Kama ni kweli, sikiliza. Samaki wa baridi ni kama mimi asubuhi: hafukuzi chakula, anangoja kimletwe mdomoni. Shusha chambo mpaka kiguse chini, kivute kidogo, kisha kiache kilale. Ukihesabu mpaka ishirini ndipo uvute tena.

Na usiniaibishe. Katika mtumbwi wetu, samaki mkubwa wa mwenye chombo hafiki nchi kavu na matumbo yake. Akianza kulala ubavu, mdogo wa chombo anampasua palepale, anatoa nyongo bila kuipasua, anamwosha, anamkabidhi mkubwa wake safi. Wewe ndiye mdogo. Huyo mzee ataona umelelewa.

Papa yako


Durban, 20 Julai 2024

Papa mpendwa,

Natumaini mko salama. Mimi mwili ni mzima. Siko gerezani.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Nilifanya ulivyosema. Mita tisa chini, nikahesabu ishirini, nikavuta, nikahesabu tena. Mzee alicheka: “Ruphin, unavua au unasali?” Lakini saa tatu na nusu alikuwa ameanza kuhesabu na yeye, kwa sauti. Alipofika kumi na saba fimbo yake ya kuvulia ikapinda. Akatoa bass wa kilo nne na robo. Aliniambia tangu azaliwe hajamshika mkubwa namna ile. Tukamweka kwenye sanduku la maji lililo ndani ya boti.

Saa sita tulifika gatini. Mzee akaenda kuleta gari. Nikatazama sandukuni: samaki amelala ubavu, anafungua mdomo kwa shida. Nikajua huyu harudi tena bwawani. Nikakumbuka maneno yako. Nilitoa kisu, nikampasua, nyongo ikatoka nzima, nikamwosha vizuri.

Mzee akarudi. Nikampa kwa mikono miwili.

“Hiki ni nini?”

“Nimekutengenezea, boss.”

Akashika kichwa. “Eish, Ruphin. Ruphin! Umefanya nini?”

Kumbe mizani yao inataka samaki anayepumua. Aliyekufa anapunguziwa alama, lakini aliyepasuliwa hapimwi kabisa. Na yule aliyelala ubavu, wana dawa ya kutia majini na pampu ya hewa, angeweza kuamka. Mimi niliyaona mazoezi tu, sikuwahi kuona mashindano. Watu walikusanyika. Mmoja akauliza kama nimeleta na limau, wakacheka. Mzee hakucheka. Alimtia samaki kwenye mfuko wa plastiki, akaendesha hadi Clairwood. Aliniteremsha kwenye robot, ndizo taa za barabarani, akasema “Sharp,” ndiyo kwaheri ya huku, basi.

Leo ni siku ya sita. Godauni ananipita kama nguzo. Sijui kama nimemkosea sana au kidogo. Sijui hata kosa lenyewe ni lipi, maana kila nilichofanya kilikuwa heshima.

Mwanao,
Ruphin


Baraka, 27 Julai 2024

Ruphin,

Pole, mwanangu. Tumeshinda na barua yako.

Samaki kilo nne na robo, akipasuliwa anakuwa kilo ngapi? Sifuri? Hiyo mizani imetengenezwa na nani? Anicet anasema huyo Perumal alipaswa kukushukuru.

Lakini kesi hii usiiache ilale. Usiende peke yako. Mwenye kosa hajisemei. Tafuta mtu mzima anayeheshimika, abebe maneno yako, nawe ukae nyuma yake kimya. Nendeni nyumbani kwake, siyo kazini. Usiende mikono mitupu.

Papa yako

Kaka, hapa ni mimi, Constance. Papa hajui ninaongeza haya. Tangu Jumamosi iliyopita haendi mwaloni. Alinifanya nisome tena barua yake ya mwezi wa sita, pale aliposema usimwaibishe, kisha akatoka nje. Usimwandikie kwa hasira, tafadhali.


Durban, 11 Agosti 2024

Papa, na dada yangu Constance,

Nawasalimu wote wawili. Sina hasira.

Jana nilikwenda Chatsworth na Papa Honoré, shemasi wa kanisa letu. Tulibeba mananasi mawili. Mke wa Mzee Perumal, Mama Doris, alitufungulia. Papa Honoré akaanza mbali, toka Adamu, na Kiingereza chake cha Bukavu. Mzee akamkatiza: “Mbona hakuja mwenyewe?” Nami nimekaa palepale, Papa, nimeinamisha kichwa kama ulivyosema! Papa Honoré akajibu, “Amekuja. Mimi ndiye mdomo wake.” Mama Doris akaficha kicheko kwenye mtandio wa mabegani mwake.

Mzee akafungua friza. Samaki yumo, amefungwa, tarehe imeandikwa juu. Akasema, “Sikuweza kumla, sikuweza kumtupa.” Kisha: “Nani alikufundisha kukata hivi?” Nikasema baba yangu. Akatazama ule mkato muda mrefu.

Halafu akasema contrat ameshampa Armel, mmoja wa sisi vibarua wanne, tangu Ijumaa. Eti Armel ana cheti cha kuendesha forklift, ile mashine ya kunyanyua mizigo, siyo kwa ajili ya samaki. Ni kweli Armel anacho. Tulipotoka akanishika bega: “Jumapili ijayo, saa kumi na moja. Kwenye robot.”

Papa, sielewi. Kazi ameninyima, botini ananitaka. Ananihurumia? Amesamehe? Au anataka mtu wa kuhesabu ishirini tu? Papa Honoré anasema niende, Armel anasema nisiwe mjinga. Niende au nisiende?

Mwanao,
Ruphin


Baraka, 17 Agosti 2024

Ruphin mwanangu,

Barua yako tumeipata leo, na hiyo Jumapili ni kesho. Kwa hiyo sisemi mengi.

Nilikuambia pasua, ukapasua, contrat ikaenda kwa Armel. Inawezekana ni cheti. Inawezekana ni kisu. Kisu kilikuwa mkononi mwako, lakini maneno yalikuwa yangu, nami nilisema kuhusu maji ambayo sijayaona. Nisamehe.

Sasa unaniuliza tena. Hapa wote wana jibu. Anicet ana majibu mawili. Mimi sijui, Ruphin. Wewe ndiye unayeuona uso wa huyo mzee. Mimi siuoni.

Constance anangoja niongeze kitu, kalamu iko hewani. Nimemwambia afunge hapo. Vaa nguo nzito.

Papa yako